Ubora wa utafutaji wa machapisho

Katika tathmini ya teknolojia za afya, ubora wa utafutaji wa machapisho ni kiwango ambacho mapitio ya ushahidi yamefanikiwa kuzipata tafiti zote zinazohusu swali lililoulizwa. Serikali au bima huamua kwa mapitio hayo dawa ipi igharimiwe. Utafiti uliokosekana hapa haufidiwi na takwimu za baadaye, hata ziwe za kitaalamu vipi.

Makosa mengi hayaonekani kirahisi. Mtafutaji akiunganisha visawe vya ugonjwa mmoja kwa “na” badala ya “au”, au akikosea namba ya mstari katika mkakati wa utafutaji, hazinadata humpa orodha fupi, nadhifu, isiyotia shaka. Ndiyo maana mwongozo wa PRESS wa 2008, uliohuishwa 2015, unataka mkakati ukaguliwe na mtaalamu mwingine wa utafutaji kabla ya kutumika. Mwongozo wa PRISMA-S wa 2021 unadai mkakati huo uchapishwe kama ulivyoendeshwa.

Hata hivyo, mkakati safi hauoni kilichofichwa. Taasisi ya IQWiG ya Ujerumani ilipotathmini reboksetini, dawa ya sonona, data za 74% ya wagonjwa zilikuwa hazijachapishwa. Uchambuzi wa data zote, uliotolewa 2010, ulionyesha kuwa dawa hiyo kwa jumla haikuishinda dawa bandia, ilhali machapisho peke yake yalikuwa yameisifu. Kwa hiyo hazinadata za machapisho kama MEDLINE na Embase hazitoshi: hupekuliwa pia rejista za majaribio na nyaraka za mamlaka za dawa, na watengenezaji huombwa ripoti kamili.