OCLC

OCLC ni taasisi ya ushirika wa maktaba isiyolenga faida, yenye makao makuu mjini Dublin, Ohio, nchini Marekani. Wanachama wake ni maktaba za vyuo, za umma na za taifa katika nchi nyingi duniani. Kwa njia ya mtandao maktaba hizo hutunza pamoja orodha moja ya vitabu, iitwayo WorldCat, na kuazimana vitabu.

Historia

Kabla ya kompyuta, kila maktaba iliyopata kitabu kipya ilihitaji kadi zake: ya mwandishi, ya jina la kitabu na za mada. Tangu mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuza kadi zilizochapwa tayari, lakini hazikuhusu vitabu vyote. Hivyo kitabu kilekile kilichonunuliwa na vyuo hamsini kiliweza kuorodheshwa upya mara hamsini.

Mwaka 1967 vyuo na vyuo vikuu 54 vya jimbo la Ohio viliunda Ohio College Library Center. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Frederick Kilgour (1914–2006), mkutubi aliyetoka Chuo Kikuu cha Yale. Tarehe 26 Agosti 1971 Maktaba ya Alden ya Chuo Kikuu cha Ohio, mjini Athens, ilikuwa ya kwanza kutumia mfumo wake, na siku hiyo iliorodhesha vitabu 133. Intaneti ya leo haikuwepo. Maktaba ziliunganishwa na kompyuta kuu ya Columbus kwa laini za simu.

Ajabu ni kwamba zao kuu la mfumo huo lilikuwa bado karatasi. OCLC iliendelea kuchapa kadi na kuzituma kwa maktaba hadi tarehe 1 Oktoba 2015, na kufikia hapo ilikuwa imechapa zaidi ya bilioni 1.9.

Huduma ya kuazimana vitabu ilianza mwaka 1979. Mwaka 1981, wanachama wakiwa wameenea nje ya Ohio, jina lilibadilishwa kuwa Online Computer Library Center. Mwaka 1988 OCLC ilinunua kampuni iliyochapisha mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi za Afrika Mashariki pia huutumia kupanga vitabu rafuni.

Kugawana kazi

Mkutubi anayepokea kitabu hukitafuta kwanza katika WorldCat. Rekodi ikiwepo, huinakili na kuongeza alama ya maktaba yake. Isipokuwepo, huiandika mwenyewe, na kuanzia hapo kila mwanachama anaweza kuitumia. Alama hizo huonyesha kitabu kiko wapi. Bila hizo kuazimana kungekuwa kwa kubahatisha.

Faida huonekana zaidi katika lugha. Si kila maktaba ya Ulaya au Marekani ina mfanyakazi anayesoma Kiswahili. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi jijini Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya kanda hii, na kitabu kilichoorodheshwa humo hakihitaji kufasiriwa tena na mkutubi wa Chicago au London. Vivyo hivyo, mwaka 2006 OCLC iliungana na RLG, kundi lililokuwa limetangulia kuorodhesha vitabu vya Kichina, Kijapani na Kikorea kwa maandishi yake yenyewe.

Lakini makosa nayo husambaa. Jina la mwandishi likikosewa na mtu mmoja hunakiliwa na wengine wengi, na kitabu kimoja huweza kuwa na rekodi kadhaa. Tena uanachama una ada. Kitabu kilichomo katika maktaba isiyoshiriki huenda kisionekane, hivyo kukosekana katika WorldCat si uthibitisho kwamba hakipo.

Mabishano

Swali gumu ni nani mwenye rekodi zilizoandikwa na wafanyakazi wa maktaba nyingi. Mwezi Novemba 2008 OCLC ilitangaza masharti mapya ya kuzitumia na kuzihamisha. Wakutubi wengi walipinga, wakisema kazi yao wenyewe inafungiwa. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 2009, na mengine yakapitishwa mwaka 2010.

Mwaka huohuo kampuni ya SkyRiver, iliyouza huduma kama hiyo, iliishtaki OCLC kwa kuhodhi soko. Kesi ilifutwa mwaka 2013. Mwaka 2022 OCLC nayo iliishtaki kampuni ya Clarivate kuhusu MetaDoor, mradi wa kubadilishana rekodi bila malipo. Pande hizo zilipatana kabla ya mwaka kuisha, na Clarivate ikaacha mradi huo.