Joto la maji na hatima ya perege wa Pangani

MWILI wa samaki hufuata joto la maji anamoishi. Maji yakipoa, hamu ya kula hupungua, chakula husagwa polepole na ukuaji hudorora.

Perege wengi hukua vizuri katika nyuzi joto 26 hadi 30 za sentigredi. Chini ya 20 wengi huacha kuzaliana, na yakikaribia 10 hufa. Ndiyo maana kipupwe cha Juni na Julai ni kipindi kigumu kwa mabwawa ya Arusha, jiji lililo chini ya Mlima Meru katika mwinuko wa takriban mita 1,400.

Joto kali nalo lina madhara. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kuwa na miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, ilhali samaki huhitaji hewa zaidi wakati huo huo. Mto uliokatwa miti ya kingo na kupunguzwa maji kwa umwagiliaji huwaka jua upesi.

Suala hili ni zito zaidi kwa perege wa asili wa Bonde la Pangani, Oreochromis jipe, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1955 na mwanasayansi Mwingereza, Rosemary Lowe. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) umemweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Uvuvi uliokithiri ni sehemu tu ya tatizo. Sato na perege wengine wa kigeni wamekwisha kuenea bondeni, wanagombea chakula naye na kuzaana naye.

Hapo ndipo baridi ya Meru inapodanganya. Sato anayedumaa katika bwawa la mwinukoni huonekana hana madhara. Lakini maji ya Themi na Usa huingia Mto Kikuletwa, nao humwaga katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 chini ya mita 700, kwenye joto linalomfaa kabisa. Akitoroka wakati wa mafuriko, mto wenyewe humfikisha huko.

Mfugaji hahitaji vifaa vya gharama: kipimajoto cha kutumbukiza bwawani alfajiri na alasiri, na wavu wa matundu madogo kwenye mfereji wa kutolea maji, ukikaguliwa kabla ya masika.