Makonyo ya Pemba
Msimu wa karafuu Pemba huanza puani. Kabla hujayaona majamvi kando ya barabara ya Chake Chake, harufu imeshakupokea. Vikapu vikishushwa kutoka shambani, watu wa nyumbani huketi kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Karafuu huanikwa juani siku kadhaa hadi ziwe kahawia na kavu. Nazo ndizo zinazosifiwa. Mimi nimeyajia makonyo, vile vikonyo ambavyo mgeni angevifagia akidhani ni taka.

Harufu ya vyote viwili hutoka hasa kwenye eujenoli. Mkarafuu hauihitaji ili ukue. Huitengeneza kama silaha yake dhidi ya kuvu na wadudu. Karafuu kavu hubeba mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo yana kama asilimia 6 tu, lakini sehemu kubwa ya hayo ni eujenoli.

Mti wenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Mwaka 1770 Wafaransa, kwa mipango ya Pierre Poivre, waliufikisha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil. Sultani Sayyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Waliopanda, kupalilia na kuchuma walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria visiwani hadi 1897. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu nyingi.

Makonyo nayo yalisafirishwa Ulaya kukamuliwa mafuta. Wanakemia walikuwa wamegundua kwamba eujenoli huweza kugeuzwa vanilini, ile ladha ya vanila. Basi huenda mtoto wa Ulaya alilamba aiskrimu yenye asili ya Pemba bila kujua kisiwa kiko wapi! Biashara hiyo ilipata mshindani miaka ya 1930, vanilini ilipoanza kutengenezwa kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi.

Kwenye meno, eujenoli haikung'olewa kirahisi. Bibi zetu walimwambia mwenye jino bovu aitafune karafuu upande unaouma, na ganzi ikaja. Daktari wa meno naye amekuwa akichanganya eujenoli na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Harufu ya chumba chake ndiyo ile ile ya jamvini.

Siku hizi makonyo hayalazimiki kuvuka bahari kwanza. Wesha, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyapika kwa mvuke, kama kinavyopika mchaichai. Mvuke ukipoa, maji na mafuta hutengana. Mafuta ya mchaichai huelea. Ya makonyo ni mazito kuliko maji. Hutekwa chini ya chombo.