Hesabu ya Sekunde na Tarehe

Wengi hudhani kwamba kompyuta huweka tarehe kama karani aiandikavyo daftarini: siku, mwezi na mwaka. Sivyo. Katika mfumo wa Unix na mingine mingi iliyoufuata, kinachowekwa ni namba moja tu, yaani jumla ya sekunde zilizopita tangu mwanzo uliokubaliwa.

Mwanzo huo haukupatikana mara moja. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha Ken Thompson na Dennis Ritchie, mwaka 1971, kilihesabu wakati kwa sehemu za sitini za sekunde tangu tarehe 1 Januari, 1971. Kwa kipimo kidogo hivyo, nafasi ya biti 32 ingejaa kwa siku 828 hivi. Baadaye kipimo kikawa sekunde nzima, na mwanzo ukawa saa 6 usiku ya Greenwich, kuamkia tarehe 1 Januari, 1970.

Kugeuza namba iwe tarehe ni kugawanya. Kila siku huhesabiwa sekunde 86,400. Basi sekunde 1,000,000,000 ni siku 11,574 na sekunde 6,400, yaani tarehe 9 Septemba, 2001, saa 7:46:40 usiku, kwa saa za Greenwich. Afrika Mashariki huongeza saa tatu: saa 10:46:40 alfajiri.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kompyuta huandika 04:46. Mfasiri akinakili "saa 4:46 usiku", amelisogeza tukio mbele kwa saa 18. Tena, jambo lililotokea baada ya saa 3 usiku ya Greenwich, kwa Dar es Salaam na Nairobi ni la tarehe ya pili yake. Katika wito wa mahakama au tiketi ya safari, kosa hilo si dogo.

Tarehe 19 Januari, 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwetu, hesabu ya biti 32 itafika ukomo. Mtambo usiorekebishwa utarudi mwaka 1901. Dawa yake ni biti 64, ambazo mitambo mingi imekwisha kuzipokea.

Kwa hiyo yafaa tutenge istilahi: namba ya kompyuta iitwe "hesabu ya sekunde", na pale ianziapo paitwe "mwanzo wa hesabu". Neno "tarehe" libaki kwa siku ya kalenda, nayo isiandikwe pasipo kutajwa ni kwa saa za wapi.