Kutoka Scratch hadi Python
Scratch, lugha ya kuunda programu kwa kuunganisha vitalu vya rangi, ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, huandikwa kwa maneno na alama.

Mantiki ya lugha hizo ni ileile: kurudia amri, kuweka masharti na kuhifadhi thamani. Hata hivyo, vitalu visivyooana havishikani, ilhali katika Python nukta mbili zikikosekana mahali pake, programu haifanyi kazi. Mwanafunzi asiyelijua hilo huweza kukata tamaa.

Inashauriwa aanze kwa kuandika upya chemshabongo aliyokwisha kuitengeneza kwa Scratch. Kosa likitokea, alitafute kwanza katika uandishi, si katika mantiki.