Mguu Mzima Usiosimama

Oktoba 1917, mapigano ya Mahiwa katika bonde la Lukuledi yaliwagharimu Waingereza zaidi ya watu 2,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kumbukumbu za kitabibu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huku kwetu kusini mwa Tanzania zimejaa malaria, kuhara na nimonia, magonjwa yaliyowamaliza wapagazi wengi kuliko risasi.

Ulaya, vita hivyohivyo vilijaza wodi kwa wagonjwa wa namna nyingine: wanajeshi waliopooza mkono au mguu ilhali kidonda kimeshapona, wengine hawakuwa hata na kidonda. London, daktari Lewis Yealland aliwapiga shoti za umeme hadi kiungo kisogee. Kitabu chake cha 1918 kinayasimulia hayo kwa majivuno yanayotia kichefuchefu.

Wala hakuwa na udhuru. Mwaka 1869 Mwingereza Russell Reynolds alishaandika kwamba wazo peke yake laweza kumpoozesha mtu. Oktoba 1885, kijana mmoja wa Paris aligongwa na gari la farasi. Magurudumu hayakumpanda, ila yeye aliamini yamempita juu ya miguu, na miguu ikalegea. Jean-Martin Charcot, aliyemtibu, hakumwita mwongo.

Mwaka 1908 Mmarekani Charles Hoover akatoa kipimo cha kutambua kupooza kwa aina hii, kisichohitaji mashine. Mgonjwa hulala chali. Akiambiwa akandamize kitanda kwa kisigino cha mguu dhaifu, hawezi. Akiambiwa ainue ule mzima huku daktari akiuzuia, kisigino cha mguu dhaifu hukandamiza chenyewe, kwa nguvu. Mishipa ipo kazini. Kinachokwama ni amri ya makusudi. Ndivyo ilivyo hata leo: kwa aliyeanguka na bodaboda, maumivu, hofu na wiki za kufungwa hogo huweza kuufanya ubongo uendelee kuulinda mguu hata mfupa ukishaunga.

Hata hivyo, daktari wa kusini asilikimbilie jibu hilo. Konzo, iliyochunguzwa Tarime baada ya mlipuko wa 1985 na kuonekana baadaye Mtwara, nayo hulemaza miguu ghafla. Chanzo chake ni sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa wakati wa njaa. Miguu ya konzo hukakamaa, na nyundo ya goti huonyesha mshtuko uliopita kiasi.

Mguu uliogoma kwa hofu hutibiwa kwa mazoezi yanayomsahaulisha mgonjwa mguu wenyewe: kurudi kinyumenyume, kucheza ngoma, kupiga mpira. Mtaalamu humwonyesha pia kisigino chake kikikandamiza, ajionee mwenyewe kwamba nguvu ipo.