Spika za rafuni kwa mshiko kiduchu: kununua au kuunda mwenyewe

Haya wadau, leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Kuna swali washikaji wananiuliza kila siku: mtu ana chumba kimoja cha kupanga, ana simu au kompyuta, ana hela ndogo, anataka mziki unaosikika vizuri na sio kelele. Anunue nini? Jibu langu ni refu, na nusu yake nimelilipia kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo vumilieni.

Nilipomaliza form four nilikuwa nachapa barua na CV za watu, nikadunduliza mpaka ikafika elfu themanini. Yote nikaipeleka kwenye pea moja ya spika nyeusi zenye taa za bluu, kwenye boksi imeandikwa wati 1200 kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe. Siku ya nne, kwenye kipaimara cha binamu yangu, moja ikaanza kukoroma halafu ikanyamaza kabisa. Fundi wa mtaani kwetu Mbagala alipoifungua hakusema kitu, akanionyesha tu. Sumaku kama kizibo cha soda. Ile twita ya juu iliyokuwa inang'aa haikuwa na waya hata mmoja, ni plastiki imebandikwa kwa gundi. Na chini ya boksi kulikuwa na kipande cha chuma cha kuongeza uzito, ili mteja akinyanyua aseme "eeh, hii nzito". Hela ya miezi mitatu ikaenda hivyo.

Tuanze na hizo wati basi, maana ndipo wengi tunapigwa. Ile 1200 ilikuwa PMPO, yaani nguvu ambayo eti amplifaya ingeweza kuitoa kwa kipande kidogo sana cha sekunde. Haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Namba ya kutafuta ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinaitoa mfululizo bila kufa. Kama haijaandikwa, geuza adapta usome: volti mara ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 2 ni wati 24, basi. Humo hauwezi kutoka mziki wa wati 1200 hata ukifanyiwa dua.

Na hata RMS yenyewe sio kila kitu. Spika inapimwa inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1 ukiwa umesimama mita 1 mbele yake. Nyingi ndogo zinatoa kati ya desibeli 84 na 89. Sasa angalia: kila ukitaka kuongeza desibeli 3 tu, lazima nguvu uizidishe mara mbili. Maana yake spika ya desibeli 89 ikipewa wati 10 inalingana na ya desibeli 86 iliyopewa wati 20. Ile ya 86 ikila wati 10 inafika desibeli 96 kwa mita 1, na hapo jirani wa ukuta wa pili ameshagonga mlango. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakihitaji wati mia. Kinahitaji wati chache zilizo safi.

SPIKA YA RAFUNI NI IPI

Ni boksi dogo la mbao, kimo kama sentimita 25 mpaka 40, lina wufa ya inchi 4 mpaka 6 na nusu, na juu yake twita. Zamani besi ilihitaji boksi kubwa kama kabati. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur, akiwa na Henry Kloss katika kampuni yao ya Acoustic Research, wakatoa spika iliyoitwa AR-1. Boksi lilizibwa kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ikafanya kazi ya springi ya kurudisha koni. Besi nzito ikatoka kwenye boksi la kubeba mikononi. Miaka ya 1970 BBC ya Uingereza nao wakabuni LS3/5A, kiboksi cha kama lita 5 cha kusikilizia kwenye magari yao ya kurushia matangazo ambako nafasi hakuna. Watu mpaka leo wanazigombania. Kwa hiyo udogo wenyewe sio aibu. Ila usitegemee wufa ya inchi 5 ikutetemeshee bati. Mwenye kutaka hivyo atafute sabufa.

KUNUNUA

Ushauri wangu kwa mwenye hela ndogo: spika za mtumba za mbao, zile zilizokuja na redio za zamani za Kijapani au za Ulaya, mara nyingi zinaizidi mpya ya plastiki ya bei ileile. Zipo Kariakoo, zipo kwa mafundi wa mitaani, nyingi zinauzwa bila redio yake kwa sababu redio ilishakufa. Lakini usitoe hela kabla hujazikagua, na wala usione haya. Muuzaji akikataa usiguse, ondoka.

Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, liache. Likitoa mlio mfupi uliokufa, ni zuri. Kisha angalia ile pete inayozunguka koni. Kama ni ya sponji, bonyeza kidogo. Sponji ya zamani inamumunyuka yenyewe kwa umri, na kwetu huku pwani unyevu na joto vinaiharakisha. Pete ya mpira inadumu zaidi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, huku umesogeza sikio. Ukisikia inakwaruza, koili imepinda au imeungua.

Ukiwa na kipimia umeme, weka kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 8 itasoma kama 6 au 7, ya omu 4 itasoma 3 na kidogo. Ikikataa kabisa kusoma, koili imekatika. Kama huna mita, beba betri ya volti 1.5. Gusisha kwenye waya za wufa mara moja tu na uachie. Itasema "tap" na koni itaruka. Chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, koni inatoka nje. Twita usiipime kwa betri, ni laini.

Mwisho sikiliza. Usikubali wimbo wa muuzaji, ule amechagua yeye. Beba wako unaoujua kila kona, na baada ya hapo weka sauti ya mtu anayesoma habari. Sauti ya binadamu haidanganyi. Ikisikika kama anaongea ndani ya pipa, au kila "s" inachoma masikio, utachoka nayo ndani ya wiki.

KUUNDA MWENYEWE

Hapa ndipo kwenye utamu. Baada ya ule msiba wa wati 1200 niliunda zangu, na mpaka leo ndizo zinaniimbia.

Njia nafuu kuliko zote ni spika za gari. Zile za inchi 5 au 6 ambazo twita ipo katikati ya koni, na kapasita yake ndogo imeshafungwa tayari. Hapo krosova huihitaji. Nyingi ni omu 4, likumbuke hilo, nitalirudia. Zimetengenezwa kukaa kwenye mlango wa gari, kwa hiyo kwenye boksi lililozibwa zinatulia vizuri tu.

Boksi langu kwa ndani ni kimo sentimita 30, upana 18, kina 20. Zidisha: 10,800, yaani lita 10.8. Kwa wufa ya inchi 5 inatosha kabisa. Mbao ni MDF au plaiwudi ya milimita 18. Kwa boksi moja kata vipande viwili vya ubavu 33.6 kwa 20, juu na chini vipande viwili 18 kwa 20, mbele na nyuma viwili 33.6 kwa 21.6. Vile vya juu na chini vinakaa katikati ya mbavu, halafu mbele na nyuma vinafunika. Kwa maboksi mawili hesabu inakuja kidogo chini ya robo ya bodi nzima ya futi 8 kwa 4, lakini msumeno nao unakula, kwa hiyo chukua kipande kikubwa zaidi ya hapo. Mimi sikununua bodi. Nilikwenda kwa mafundi fanicha wa Keko nikaomba masalia, wakanikatia na kunikatia kwa bei ya soda mbili. Seremala mwenye mashine anakata kona zikalingana. Wewe na msumeno wako wa mkono utakata kona za kilima.

Gundi ya mbao, skrubu, na kila kiungo kwa ndani pitisha silikoni. Hewa isivuje hata kidogo, maana hiyo hewa ndiyo springi. Ukimaliza sukuma koni: ikirudi polepole, boksi limeziba, ikirudi haraka kama hakuna kitu, kuna tundu, litafute hata pale waya unapopita. Ndani jaza pamba ya mito, ile nyepesi ya kutengenezwa, kama nusu ya boksi bila kushindilia. Inaua ule mwangwi wa pipa.

Ukitaka wufa na twita zilizotengana, lazima besi isiingie kwenye twita, itaungua. Kinga rahisi ni kapasita moja kwenye waya wa chanya wa twita. Hesabu yake: gawanya 159,000 kwa omu za twita, kisha gawanya tena kwa hezi unazotaka ianzie. Twita ya omu 8 kuanzia hezi 3,000 inakuja kama 6.6, dukani utapata ya mikrofaradi 6.8. Iwe ile isiyo na chanya na hasi. Ukiikosa, chukua mbili za kawaida za mikrofaradi 10, unganisha hasi kwa hasi, unapata 5, na twita itaanza juu zaidi kidogo, karibu hezi 4,000. Sio mbaya, ni salama zaidi kwa twita yenyewe. Krosova kamili ina koili na vipimo vya spika zenyewe, hiyo ni somo la siku nyingine.

AMPLIFAYA, NA KOSA LILILONIGHARIMU

Siku hizi kuna vibodi vidogo vya amplifaya ukubwa wa kiganja, vingine vina Bluetooth kabisa. Tafuta chenye chipu ya TPA3116D2. Kinakula volti kuanzia 4.5 mpaka 26, na spika za omu 4 kinazimudu. Uzuri wake ni kwamba chaja ya laptop ya volti 19 inakitosha, na laptop zilizokufa zimejaa mjini. Tena huna haja ya kugusa umeme wa ukutani, kitu ambacho nakisihi sana. Yale masabufa mabovu ya kufungua ndani yana kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Kijana asiyejua asitie mkono humo.

Kibodi changu cha kwanza kilikufa dakika ya kwanza. Nilizoea redio za zamani ambazo hasi za spika zote mbili zinaunganishwa pamoja, nikafanya hivyohivyo kuokoa waya. Moshi! Hizi chipu zinasukuma pande zote mbili za waya, hakuna hasi ya kawaida pale. Kila spika ipate waya zake mbili kutoka kwenye kibodi, na zisigusane na za mwenzake wala na bodi ya chuma. Na usiunge spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja kwa sambamba, zinakuwa omu 2, kibodi kitachemka.

Waya usikutapeli mtu. Kwa mita tatu, waya wa kawaida wa milimita 1 wa mafundi umeme unatosha. Hakuna waya wa dhahabu utakaogeuza spika mbaya kuwa nzuri. Jambo jingine, ukisikia sauti imeanza kuchanika, punguza palepale. Amplifaya ndogo iliyobanwa mpaka mwisho ndiyo inaua twita mapema.

KUZIPANGA

Hii ni bure na wengi hawaifanyi. Twita iwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu, umbali sawa. Zikisogea ukutani besi inaongezeka, zikiingia kwenye kona inaongezeka zaidi mpaka inavimba, kwa hiyo cheza na umbali kabla hujagusa vitufe vya besi. Zenye tundu nyuma ziachie nafasi zipumue, hizi zilizozibwa zinaweza kukaa karibu na ukuta. Pazia nzito, kitanda na nguo zilizotundikwa zinasaidia sana kwenye chumba cha ukuta mtupu na sakafu ya saruji.

Na kama siku ya kwanza ukiwasha besi haipo kabisa na sauti inaelea kama haijui inatoka wapi, usianze kubomoa boksi. Zisogeze spika mbili zikae pamoja, weka wimbo wenye besi, kisha zima na ugeuze waya za spika moja tu. Washa tena. Upande utakaotoa besi nyingi ndio sahihi, wekea alama ya rangi nyekundu.